Mimba inakutapisha mpaka maji hayakai tumboni? Anza hapa

Kauli ya "mimba sio ugonjwa" tumeisikia wote na mimi naikubali nusu tu. Mimba sio ugonjwa, sawa, ila kutapika kutwa nzima mpaka inatoka nyongo, maji ya kunywa nayo yanarudi, mkojo umekuwa kahawia, huo ni ugonjwa kabisa, una jina lake hospitalini na una matibabu yake, na anayekwambia "vumilia, wote tumepitia" mara nyingi yeye alipitia kile cha kawaida, sio hiki. Kwa hiyo haya hapa chini ni ya mama kijacho ambaye mimba changa inampelekesha kwelikweli, na ni ya mtu anayeishi naye pia maana mgonjwa mwenyewe saa nyingine hana hata nguvu ya kushika simu akasoma.

Jua kwanza uko upande gani

Kichefuchefu cha mimba kinawapata karibu wanawake 7 kati ya 10, kinaanza wiki ya 4 mpaka ya 7 hivi, kinakuwa kikali zaidi karibu na wiki ya 9, alafu kwa wengi kinapungua chenyewe kati ya wiki ya 16 na ya 20. Na hilo jina la "cha asubuhi" lisikuchanganye, kinakuja saa yoyote, kuna ambao jioni ndo balaa. Kile kikali ambacho madaktari wanakiita haiperemesisi kinawapata wachache, kati ya wanawake 3 na 30 katika kila 1,000, na ukikipata utajua tu, kula na kunywa kama kawaida kumekushinda, kazi za kila siku zimekushinda, uzito unashuka, mwili unakauka. Kuna kipimo cha siku nyingi ambacho bado kinasaidia: ukipoteza zaidi ya asilimia 5 ya uzito uliokuwa nao kabla ya mimba, hiyo sio ya kukaa nayo nyumbani. Kwa mtu wa kilo 60 ni kilo 3 tu, na kilo 3 kwa mtu asiyekula zinaondoka haraka kuliko unavyodhani. Jipime mara moja au mbili kwa wiki, mzani uleule, asubuhi ukishakojoa, andika mahali.

Na kuna kitu watu wanakisahau, sio kila kutapika kwa mjamzito kunaletwa na mimba. Kichefuchefu cha mimba chenyewe hakileti homa, hakileti maumivu makali ya tumbo, hakileti kuharisha, na kwa kawaida hakianzi kwa mara ya kwanza baada ya wiki ya 9. Ukiwa na homa na unaishi sehemu zenye malaria pima malaria siku hiyohiyo, usisubiri kesho. Ukiwa na maumivu wakati wa kukojoa au maumivu ya kiunoni pima mkojo, maana UTI nayo inatapisha na kwa mjamzito inapanda kwenye figo kirahisi. Ultrasaundi pia iwahi kufanyika kwa anayetapika kupita kiasi, kwa sababu mapacha na mimba zabibu (ile ambayo kondo la nyuma linaota vibaya, vifukovifuko kama zabibu) zote mbili zinaongeza kutapika, na mimba zabibu haitakiwi kuachwa.

Kwa nini wewe na sio jirani yako? Miaka mingi watu walisukumia mawazo, eti anadeka, eti hajaitaka mimba. Desemba 2023 ukatoka utafiti kwenye jarida la Nature ukionyesha kwamba mhusika mkubwa ni homoni inayoitwa GDF15, ambayo wakati wa mimba inatolewa kwa wingi na mtoto pamoja na kondo la nyuma, inaingia kwenye damu ya mama, inapanda mpaka kwenye ubongo na kugusa sehemu inayoamsha kutapika. Wanawake ambao kabla ya mimba walikuwa nayo kidogo sana mwilini ndo wanaopigwa zaidi ikija kwa wingi, na wale wenye thalasemia, ugonjwa wa damu wa kurithi, ambao maisha yao yote wanakuwa nayo juu, wao wanatapika kidogo sana wakibeba mimba. Kwa hiyo hapo hamna kudeka wala hamna uvivu, ni kemia ya damu, na mama mkwe aambiwe hivyo hivyo.

Maji kwanza, chakula kitafuata

Kama kuna kitu kimoja cha kushika kwenye maelezo yote haya basi ni hiki. Mwanzoni watu wote nyumbani wanahangaika na chakula, kala nini, hajala, mtoto atakula nini, wakati hatari ya kweli ya wiki hizi ni maji na chumvichumvi za mwili. Mtoto wa wiki 8 ni mdogo kuliko kidole gumba, mahitaji yake ya chakula bado ni madogo sana na anachota kwenye akiba ya mama. Mama akikosa kula vizuri kwa siku kadhaa mtoto kwa kawaida anakuwa salama, ila mama akikaa hata siku moja bila maji kukaa tumboni, mama mwenyewe anaingia hatarini.

Sasa namna ya kunywa. Glasi nzima sahau, tumbo likitanuka ghafla linarudisha. Tumia kijiko. Kijiko kimoja cha chakula ni ml 15, ukinywa kimoja kila baada ya dakika 5 hiyo ni ml 180 kwa saa, na kwa saa 10 za kuwa macho umefika ml 1,800, yaani karibu lita 2, bila hata mara moja kulijaza tumbo. Inachosha, najua, ndo maana mtu wa pembeni awe na kazi ya kukumbusha au weka alamu kwenye simu. Ukitapika usikimbilie kunywa palepale, lipe tumbo kama robo saa au nusu saa, sukutua mdomo, alafu anza tena na kijiko kimoja.

Maji matupu wengi yanawakataa, yana kaladha ka ajabu mdomoni wakati huu, hata yawe safi namna gani. Jaribu yawe ya baridi sana, au mumunya vipande vya barafu, au kamulia limau, au juisi iliyoongezwa maji nusu kwa nusu, au supu ya wazi yenye chumvi, hata soda iliyotolewa gesi kama ndo kitu pekee kinachokaa, siku hiyo kunywa tu, huu sio wakati wa kugombana kuhusu sukari isipokuwa kama una kisukari. Cha maana zaidi ni ORS, ile ya pakiti ya kuharisha, kwa sababu inarudisha na chumvi unazotapika. Usipoipata tengeneza: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko viwe vya kusawazisha sio vya mlima, na chumvi usizidishe. Ikiwa baridi inanyweka vizuri zaidi.

Usichanganye kunywa na kula. Kitu kigumu kiende peke yake, alafu nusu saa hivi ndo uanze kunywa. Hili linaonekana dogo ila kuna watu limewageuzia siku nzima.

Angalia mkojo kuliko unavyoangalia sahani. Njano hafifu ni sawa, njano iliyokolea ongeza vijiko, kahawia na umekojoa mara moja tu tangu asubuhi, hapo jiandae kwenda.

Chakula sasa

Kanuni ni nyepesi: kinachokaa ndo chakula. Wiki hizi hamna mlo kamili, hamna makundi ya vyakula, kama ni biskuti kavu na ndizi tu kwa siku nne ni sawa, utakuja kula mboga mbele ya safari. Ila kuna vitu vinavyosaidia kupata hicho kinachokaa.

Tumbo tupu linatapisha na tumbo lililojaa linatapisha, kwa hiyo unatafuta pale katikati, unakula kidogo kila saa moja au mbili, kidogo kweli, vipande viwili vya mkate mkavu, kiazi kimoja cha kuchemsha, vijiko vitatu vya wali. Weka kitu kikavu pembeni ya kitanda, kile kabla hujainua kichwa, alafu baki umelala dakika 15 au 20 ndo uinuke, tena kwa hatua, kaa kwanza, miguu chini, tulia, ndo usimame. Kuamka kwa kukurupuka kunawatapisha wengi kuliko chakula chenyewe. Na usiku ukiamka kwenda chooni tafuna kitu, usiende mpaka asubuhi na tumbo tupu.

Chakula cha baridi kina harufu ndogo kuliko cha moto, na harufu ndo adui mkubwa hapa. Viazi vilivyopoa, yai la kuchemsha lililokaa kwenye friji, mtindi wa baridi, matunda ya baridi, karanga. Vyenye protini kidogo vinatuliza zaidi ya vyenye wanga peke yake, kwa hiyo mkate ukikaa vizuri jaribu kupakia siagi ya karanga. Vya mafuta mengi na vya kukaanga viache, mafuta yanachelewa kutoka tumboni na tumbo la mjamzito tayari linafanya kazi polepole. Uchachu na chumvi vinasaidia wengi, ila kama una kiungulia uchachu utakuunguza, na kiungulia nacho kinaongeza kutapika, muulize daktari dawa ya kutuliza asidi inayofaa mimba.

Tangawizi, haya tuiseme maana utaambiwa na kila mtu. Kwa kichefuchefu cha kawaida ina msaada kidogo, kiasi kinachotumika kwenye tafiti ni kama gramu 1 kwa siku ikigawanywa mara nne. Kwa mtu anayetapika hata mate yake haitoshi, inaweza hata kumuunguza koo, na kumwambia mgonjwa wa namna hii "umejaribu tangawizi?" kunaudhi sana, mhurumieni. Kubonyeza kwenye mkono, vidole vitatu chini ya mkunjo wa kiganja, upande wa ndani, katikati ya ile mishipa miwili inayoinuka, kwenyewe hakudhuru, ukiona kinakusaidia endelea, usipoona acha.

Vidonge vya kliniki: vile vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma vinachafua tumbo sana. Ongea na mkunga au daktari, mara nyingi vinasitishwa kwa muda mpaka utulie, vitarudi. Foliki asidi peke yake, ile ya mikrogramu 400, ni kidonge kidogo na hiyo jitahidi ikae, meza saa ambayo huwa una nafuu, sio lazima asubuhi.

Harufu, mate, meno

Watu wa nyumbani wajue kwamba kwa wiki kadhaa pua ya mgonjwa ndo inatawala nyumba. Vitunguu vikikaangwa, kahawa, friji likifunguliwa, manukato ya mume, mafuta ya nywele, sabuni mpya, dawa ya meno yenye minti kali, vyote hivyo vinaweza kuanzisha raundi nyingine. Apikaye apike wakati mgonjwa yuko chumba cha mbali, mlango umefungwa, madirisha wazi, na baadaye abadili nguo. Mume perfyumu aweke kabatini kwa sasa, hajakataliwa yeye, imekataliwa harufu. Mgonjwa mwenyewe awe na kipande cha limau au kitambaa chenye harufu anayoipenda karibu na pua akitoka nje. Joto, mwanga mkali, kelele na kuskrol simu ukiwa umelala navyo vinatapisha, kwenye gari kaa mbele, dirisha wazi.

Mate ya kujaa mdomoni ni sehemu ya ugonjwa, wengine wanajaza kikombe kwa saa, na ukiyameza yanatapisha. Tema. Kuwa na kikombe chenye mfuniko na tishu, mumunya pipi ya uchachu au barafu, na usione aibu.

Meno: ukishatapika usipige mswaki papo hapo, asidi imelainisha jino na mswaki unalisugua likaisha. Sukutua kwa maji yenye kijiko kimoja cha chai cha baking soda kwenye kikombe, au maji tu, alafu piga mswaki baada ya nusu saa mpaka saa nzima. Dawa ya meno ikikutapisha badilisha, au piga mswaki mtupu.

Dawa zipo, na uzitake mapema

Hapa ndo watu wengi wanachelewa, wanasubiri mpaka wabebwe. Uoga wa dawa kwenye mimba changa una sababu yake, kati ya 1957 na 1961 dawa ya thalidomidi iliuzwa kwa wajawazito wenye kichefuchefu na zaidi ya watoto 10,000 duniani wakazaliwa na viungo vilivyoharibika, hilo kovu halijafutika. Ila dawa zinazotumika sa hivi ni nyingine kabisa na nyingine zina miongo ya kutumika. Mfano mzuri ni mchanganyiko wa vitamini B6 na doksilamini, ulianza kuuzwa Marekani 1956 kwa jina Bendectin, ukaondolewa sokoni 1983 kwa sababu ya kesi mahakamani na sio kwa sababu ya ushahidi kwamba unadhuru, tafiti nyingi zikaendelea kuonyesha hauna shida, na Aprili 2013 ukaidhinishwa tena huko kwa jina Diclegis. Miaka thelathini wanawake walinyimwa dawa iliyokuwa inafaa, inaniuma kila nikiikumbuka.

Kwa kawaida daktari anapanda kwa ngazi. Anaanza na vitamini B6, mg 10 mpaka 25 mara tatu au nne kwa siku, na anaweza kuongeza doksilamini ambayo inaleta usingizi ndo maana mara nyingi inaanza usiku. Kuna dawa nyingine za kundi la mzio kama saiklizini na promethazini, nazo zimetumika miaka mingi. Ikishindikana kuna metoklopramidi, hiyo hutolewa kwa siku chache, na ukiona shingo au taya inajikaza au macho yanapinduka yenyewe acha na urudi hospitali. Alafu kuna ondansetroni, ina nguvu, na utasikia inatisha watu kwa habari ya mdomo sungura, kwa hiyo chukua namba zenyewe: kwa watoto 10,000 ambao mama zao hawakuitumia kwenye miezi mitatu ya kwanza wanazaliwa kama 11 na tatizo hilo, waliotumia wanakuwa kama 14. Ni ongezeko dogo, ndo maana madaktari wengi wanaiweka ngazi ya pili na sio kwamba imekatazwa, na kama unaishiwa maji kila wiki mizani inaegemea upande wa kutumia. Inafunga choo vibaya sana, ukianza hiyo anza na cha kulainisha choo palepale, daktari atakuchagulia. Usijinunulie dukani na usichanganye mwenyewe, zipo ambazo zikikutana zinasumbua moyo.

Namna ya kuzitumia ina maana kama dawa yenyewe. Meza kwa saa, sio mpaka uanze kutapika, maana kuzuia ni rahisi kuliko kuzima. Kama asubuhi ndo mbaya, weka dozi pembeni ya kitanda, meza na kijiko cha maji na kipande cha biskuti, lala tena nusu saa. Kidonge kikitoka na matapishi dakika chache baada ya kumeza hakijafanya kazi, sema kliniki wakupe namna nyingine, kuna za sindano, za kuyeyuka ulimini, za kuweka njia ya haja kubwa. Dawa moja ikisaidia nusu haiondolewi, mara nyingi inaongezwa nyingine ya kundi tofauti juu yake. Na ukipata nafuu usiache ghafla siku ya kwanza uliyokula wali ukakaa, punguza taratibu na daktari akijua, wengi wanaoacha ghafla wanarudi walikotoka.

Dawa za mitishamba zisizojulikana dozi zisiguswe sa hivi, ini na figo za mtu aliyekauka maji haziko kwenye hali ya kujaribiwa.

Lini uondoke nyumbani

Nenda leo, sio kesho, kama saa 24 zimepita hamna kitu kimekaa tumboni hata maji, au hujakojoa kwa saa 8 au zaidi, au mkojo ni mdogo na kahawia, au ukisimama unaona giza, moyo unakimbia ukiwa umekaa, umetapika damu, una homa, una maumivu ya tumbo, unatokwa damu ukeni, au dawa zenyewe hazikai. Mwenye kisukari, ugonjwa wa moyo, figo, kifafa au anayemeza dawa za kila siku ambazo sasa anazitapika asisubiri hata nusu ya hapo.

Na kuna moja ya dharura kabisa ambayo watu wa nyumbani ndo wataiona kabla ya mgonjwa: akianza kuchanganyikiwa, kuongea vitu visivyoeleweka, kuona vitu viwiliviwili, macho kuchezacheza au kuyumba akitembea. Hiyo inaweza kuwa upungufu wa vitamini B1, thiamini. Akiba yake mwilini inatosha wiki mbili tatu tu, mtu aliyetapika muda huo wote anaweza kuwa ameimaliza, na ubongo unaumia, tena moja kwa moja asipowahiwa.

Ndo maana nasisitiza jambo moja kuhusu dripu. Mtu akifika amelegea kuna haraka ya kumtundikia dripu ya sukari, glukosi, ili apate nguvu, na kwa aliyeishiwa thiamini sukari hiyo inaweza ndo ikamwangusha, kwa sababu mwili unatumia thiamini kuichoma. Inayotangulia ni dripu ya maji ya chumvi, na potasiamu ikiongezwa kulingana na kipimo cha damu, na thiamini itolewe kabla ya dripu yoyote ya sukari. Wewe au aliyekusindikiza mna haki kabisa ya kuuliza kwa adabu, "samahani daktari, amepewa thiamini? ametapika wiki tatu sasa." Swali hilo moja halimkosei mtu heshima.

Jingine, ukiambiwa "mkojo hauna ketoni kwa hiyo uko sawa", usirudi nyumbani kimya (ketoni ni kemikali zinazotokea mwili ukichoma mafuta kwa kukosa chakula). Mwongozo wa chuo cha madaktari wa uzazi cha Uingereza, RCOG, wa 2024, umesema wazi ketoni zisitumike kupima ukali wa ugonjwa huu. Kinachotakiwa kuangaliwa ni uzito, presha, mapigo ya moyo, chumvi kwenye damu, na wewe mwenyewe unaweza kufanya nini kwa siku. Nenda na karatasi yako: uzito kabla ya mimba, uzito wa leo, umetapika mara ngapi tangu jana, umekunywa nini kikakaa, umekojoa mara ngapi, dawa gani umejaribu na ilikuwaje. Mtu akiwa na namba mkononi anasikilizwa haraka, sio haki ila ndivyo ilivyo. Sehemu nyingi siku hizi dripu unawekewa mchana na jioni unarudi kwako, kulazwa ni kwa ambao hawatulii.

Ukiwa wa kulala kitandani siku nyingi chezesha miguu, kunja na kunjua vifundo kila saa, geuka, kaa kidogo, maana mjamzito aliyekauka maji na asiyetembea damu yake inaganda kirahisi kwenye miguu. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au kifua kikabana ghafla, hiyo ni dharura nyingine.

Kwa mume, mama, dada, yeyote uliye naye nyumbani

Kazi yako ni beseni, kijiko, karatasi na mdomo. Beseni liwe na maji kidogo chini na limwagwe haraka lisinuke, vijiko uvihesabu wewe, karatasi uijaze wewe, na kliniki uongee wewe akishindwa. Usimuulize "utakula nini" maana kufikiria chakula tu kunatapisha, lete vitu viwili vidogo weka, ondoka, visipoliwa toa bila maneno. Watoto wakubwa wapelekwe kwa ndugu kama inawezekana hata wiki moja. Kazini kwake apelekewe cheti cha daktari mapema, sio baada ya onyo.

Na hali ya akili yake nayo iangalie. Kutapika wiki baada ya wiki kunaleta sonona, kuna wanaolia kila siku, kuna wanaotamani mimba itoke ingawa waliisubiri miaka, kuna wanaotamani wasiamke. Akisema hivyo usimwambie anakufuru, mpeleke kwa anayeweza kumsaidia siku hiyohiyo, na mwambie daktari waziwazi kwa sababu mara nyingi kutapika kukidhibitiwa na hayo mawazo yanalegea.

Na mtoto? Wanawake wanaotapika kwa jumla wana mimba chache zinazoharibika kuliko wasiotapika, hilo linajulikana, ila siku kichefuchefu kikipotea ghafla usijitie hofu kichwani, kama huna damu wala maumivu mara nyingi ni muda wake tu umefika. Ambao uzito haukurudi mpaka katikati ya mimba ndo wanaohitaji mtoto afuatiliwe ukuaji wake kwa ultrasaundi, kwa sababu anaweza kuzaliwa mdogo.

Ukishapata nafuu rudisha chakula polepole, kwanza vya laini, alafu vidonge vya damu virudi, alafu mwone daktari wa meno. Ukija kupanga mimba nyingine jua kwamba uwezekano wa kurudia ni mkubwa, kwa hiyo anza multivitamini angalau mwezi mmoja kabla ya kushika mimba, hiyo imeonekana kupunguza ukali, na kubaliana na daktari kabla ni dawa gani ilikufaa ili uianze siku ya kwanza unapohisi mate yanajaa, kipimo kikishasoma ndiyo.